Klachi Inayoteleza: Namna ya Kuipima Pikipiki Iliyotumika

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, pikipiki iliyotumika ndiyo chombo cha kwanza cha injini ambacho kaya nyingi humudu kukinunua, na klachi ndiyo sehemu ya chombo hicho inayochakaa mapema kwa kazi nzito huku ikiuficha uchakavu wake mbele ya macho ya mnunuzi. Tairi lililolika huonekana, taa iliyokufa huonekana, na moshi wa injini iliyochoka huonekana hata kwa mtu asiyejua ufundi. Lakini klachi iliyokwisha hukaa ndani ya kava ikiwa imelowa oili, na pikipiki yenye klachi ya namna hiyo huwaka kwa kiki ya kwanza, hunguruma vizuri na huondoka mbele ya duka kama iliyotoka kiwandani jana. Hoja ya sura hii ni kwamba klachi haiwezi kuhukumiwa kwa maonyesho ambayo wauzaji wengi huyafanya, kwa sababu maonyesho hayo hufanyika injini ikiwa baridi, bila mzigo, katika gia ndogo na mahali tambarare, ilhali ugonjwa wa kuteleza hujitokeza katika hali nne zilizo kinyume kabisa na hizo.

Klachi ni kiungo kinachounganisha injini na giaboksi na kuvitenganisha pale dereva anapotaka. Injini ikishawaka haiachi kuzunguka, ilhali gurudumu la nyuma sharti lisimame abiria anapopanda na sharti liachiliwe kwa kitambo kidogo gia inapobadilishwa. Bila kiungo cha kati, kila kituo kingekuwa ni kuzima injini na kuiwasha upya. Katika pikipiki zilizotapakaa kwenye barabara za Tanga, yaani Boxer za kampuni ya Bajaj na HLX za kampuni ya TVS, zote mbili za India, pamoja na zile za Kichina kama SanLG na Fekon, klachi ni ya pleti nyingi zinazofanya kazi ndani ya oili ileile inayolainisha injini. Ndani ya bakuli la chuma linalozungushwa na injini, ambalo mafundi huliita nyumba ya klachi, pleti za aina mbili hupangwa kwa kupokezana: pleti za msuguano, ambazo zimebandikwa vipande vya kizibo au vya mchanganyiko wa nyuzi ngumu na ambazo masikio yake hukaa katika mifereji ya nyumba, na pleti tupu za chuma, ambazo meno yake ya ndani huushika mhimili unaopeleka nguvu katika giaboksi. Springi, ambazo kwa kawaida ni nne, huzibana pleti zote kwa pamoja mfano wa viganja viwili vilivyokandamizana, na hendeli ya mkono wa kushoto inapovutwa, kebo huilegeza nguvu hiyo ya springi, pleti zikaachana na gurudumu likawa huru.

Kuteleza ni hali ya pleti kushindwa kushikana ingawa dereva ameiachia hendeli. Nguvu ya injini hufika katika nyumba ya klachi kama kawaida, lakini sehemu yake huishia katika kusuguana na kuzalisha joto badala ya kufika kwenye cheni, hivyo injini hulia zaidi bila mwendo kuongezeka. Sababu zake za msingi si nyingi: vipande vya msuguano vimelika na kuwa vyembamba, au vimeungua na kung’aa kama kioo, springi zimechoka na kufupika, kebo imekazwa kupita kiasi ikawa inazilegeza pleti kidogo muda wote, au oili iliyowekwa ni ya aina isiyofaa kwa klachi ya majimaji, yaani inayofanya kazi ndani ya oili kama hii. Jambo la kutia wasiwasi ni kwamba ugonjwa huu hujilisha wenyewe, kwa maana kila mtelezo huzaa joto, joto huunguza vipande vya msuguano na kuzidhoofisha springi, na pleti zilizoungua huteleza zaidi katika safari inayofuata. Klachi iliyoanza kuteleza mwezi wa Machi haingoji Desemba.

Aina ya kazi ambayo pikipiki imefanya husema mengi kuhusu klachi yake kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, na hapa mazingira ya wilaya hizi mbili yana uzito wa pekee. Mji wa Korogwe umekaa bondeni, kando ya Mto Pangani na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, lakini sehemu kubwa ya biashara yake hushuka kutoka milimani, katika tarafa na kata za Usambara kama Bungu, Vugiri na Dindira, ambako barabara za udongo hupanda kwa kona kali na ambako pikipiki hushuka na ndizi na mboga, kisha hupanda na abiria, saruji na mifuko ya mbolea. Katika mpando wa namna hiyo, dereva aliyebeba mzigo mzito na kukutana na kona au dimbwi huishika klachi nusu, yaani huivuta hendeli kidogo bila kuimaliza, ili injini isizimike. Na kila anapofanya hivyo pleti husuguana kwa makusudi. Handeni nako, licha ya ardhi kuwa na vilima vifupi, adhabu huja kwa njia nyingine: madumu ya maji wakati wa kiangazi, magunia ya mkaa na ya mahindi, na matope mekundu ya masika, kati ya Machi na Mei, ambayo hulikwamisha gurudumu la nyuma mpaka dereva analazimika kuichezea klachi kwa dakika kadhaa ili ajinasue.

Kwa upande mwingine, kilomita 65 za lami kati ya Korogwe na Handeni, na barabara ya lami inayotoka Handeni hadi Mkata, zimezaa pikipiki za maisha tofauti kabisa. Pikipiki iliyozoea kubeba abiria mmoja kwenye lami hiyo, ikikaa katika gia ya juu kwa nusu saa bila hendeli kuguswa, inaweza kuwa na kilomita nyingi na klachi nzima, ilhali nyingine ya umri huohuo iliyokuwa ikipanda Bungu kila siku ikawa na kilomita chache na pleti zilizokwisha. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kumwuliza muuzaji si kilomita ngapi, bali ilikuwa ikifanya kazi wapi, na ilibeba nini. Sheria huruhusu bodaboda kubeba abiria mmoja. Lakini mishikaki, yaani abiria wawili au watatu waliopangwa nyuma ya dereva, ni jambo linaloonekana kila siku, na klachi haina namna ya kuusamehe uzito huo.

Liko pia suala la umiliki, ambalo vitabu vya ufundi huliacha ingawa linagusa klachi moja kwa moja. Bodaboda nyingi huendeshwa kwa mkataba: mwenye mtaji hununua pikipiki, kijana huiendesha na kumletea hesabu ya kila siku au ya kila wiki, na baada ya muda waliokubaliana, ambao mara nyingi huwa mwaka au zaidi kidogo, pikipiki huwa mali ya kijana. Wakati wa mkataba, matengenezo madogo kwa kawaida humwangukia dereva, naye, akiwa na hesabu ya kutimiza, huahirisha kila kitu ambacho hakijamzuia kutembea; klachi inayoteleza kidogo ni mojawapo ya mambo hayo. Zaidi ya hayo, dereva anapougua au kusafiri humwachia chombo deiwaka, yaani dereva wa muda, ambaye hana sababu ya kukihurumia. Mkataba unapokwisha, pikipiki huingia sokoni. Mnunuzi wa pili hupokea chombo ambacho hakuna aliyekitunza kama chake kwa muda wote wa ujana wake, na hilo halimaanishi kwamba muuzaji ni mwongo. Mara nyingi naye hajui hali ya pleti, kwa kuwa alizoea kuteleza kwake taratibu, mwezi baada ya mwezi, mpaka akaona ndiyo kawaida ya pikipiki.

Maonyesho ya muuzaji hufuata mtindo mmoja. Pikipiki husimamishwa kwa stendi ya kati, hupigwa kiki, hupigwa resi mara kadhaa ili sauti isikike, kisha gia ya kwanza huingizwa na mnunuzi huoneshwa gurudumu la nyuma likizunguka hewani. Hakuna hata kimoja katika hayo kinachoipima klachi, kwa sababu gurudumu lililo hewani haliihitaji nguvu yoyote ya maana, na hata pleti zilizolika kabisa zinaweza kulizungusha. Mzunguko mfupi wa kuzunguka nyumba au kijiwe nao hausaidii sana. Katika gia ya kwanza na ya pili giaboksi huzidisha nguvu inayofika kwenye gurudumu, pikipiki hujisogeza upesi, na injini haipati nafasi ya kuilemea klachi kwa muda wa kutosha. Ni katika gia ya juu, chombo kikiwa kizito na mwendo ukiwa mdogo, ambapo injini iliyofunguliwa mafuta yote hukutana na ukinzani wa kweli, na pleti hulazimika kuipitisha nguvu yote kwa sekunde nyingi mfululizo. Hapo ndipo pleti dhaifu hukata tamaa.

Kipimo kinachofaa huanza kabla ya injini kuwashwa, kwa hendeli ya klachi. Hendeli isiyovutwa inapaswa kuwa na nafasi ya kucheza, yaani umbali mdogo ambao ncha yake husogea bila kukaza kebo. Katika pikipiki nyingi ndogo nafasi hiyo ni kati ya milimita 10 na 20 kwenye ncha. Hendeli isiyo na nafasi yoyote ina maana kwamba kebo imekazwa na pleti zimelegezwa hata mkono ukiwa mbali, na katika hali hiyo huenda klachi ikateleza ingawa pleti ni nzima. Hivyo kosa la dakika mbili la kebo linaweza kudhaniwa kuwa ni kosa la injini, na mnunuzi makini huomba kebo ijastiwe kwanza ndipo kipimo kiendelee. Kinyume chake pia kinahitaji jicho. Hendeli inayoning’inia kwa nafasi kubwa mno, huku gia zikiingia kwa kugonga, inaweza kuwa imelegezwa kwa makusudi ili pleti zilizolika zipate kubanwa kwa nguvu yote iliyobaki katika springi. Nati za kujasti, ile ya kwenye hendeli na ile ya kwenye injini, nazo hueleza historia: katika miundo mingi, kadiri pleti zinavyolika ndivyo kebo inavyohitaji kulegezwa, na nati zilizofika mwisho wa uzi wake kwa upande wa kulegeza humwambia fundi kwamba kazi ya kujasti imekwisha na kilichobaki ni kufungua.

Baada ya hendeli, kipimo kikali kidogo hufanyika pikipiki ikiwa imesimama: injini ikiwa inanguruma taratibu, breki zote mbili zikiwa zimeshikwa, gia ya mwisho huingizwa na hendeli huachiwa polepole. Klachi nzima huizima injini papo hapo. Ikiwa injini inaendelea kunguruma ilhali gurudumu limefungwa na breki, klachi hiyo imekwisha kabisa na hakuna haja ya kuendelea na safari. Hata hivyo, kufaulu kipimo hiki si cheti cha afya, kwa sababu injini inayonguruma taratibu hutoa nguvu ndogo sana, na klachi nyingi zinazoteleza vibaya mlimani hukipita bila shida. Katika pikipiki ambazo kiki yake hufanya kazi pale tu gia ikiwa nyutro na hendeli ikiwa imeachiwa, kiki nayo hupitisha nguvu kwenye pleti, na mguu unaoshuka kwa wepesi bila injini kugeuka ni dalili inayostahili kuzingatiwa.

Kipimo chenyewe hasa ni cha barabarani. Pikipiki huendeshwa kwa robo saa au zaidi mpaka injini ipate joto kamili, ikiwa na mtu nyuma. Muuzaji mara nyingi huogopa kumpa mgeni pikipiki akatokomea nayo, na woga huo una sababu. Namna bora ya kuumaliza ni muuzaji mwenyewe kupanda nyuma, jambo linalompa yeye utulivu na linalompa mnunuzi mzigo ambao kipimo kinauhitaji. Barabara kuu ya kutoka Chalinze kupitia Mkata na Segera haifai kwa kazi hii, kwa kuwa mabasi na malori hayamwachii mtu nafasi ya kusikiliza, na kofia ngumu ni lazima hata kwa mwendo mfupi. Panapofaa ni barabara ya pembeni yenye mwinuko mrefu usio mkali: Korogwe haikosi miinuko ya namna hiyo upande wa milimani, na Handeni yenyewe, kwa vilima vyake, inatosha.

Hapo mwinukoni, dereva huingiza gia ya juu kabisa ambayo injini inaweza kuivumilia, huacha mwendo ushuke hadi kilomita 40 kwa saa au chini kidogo, kisha hufungua mafuta yote kwa mara moja na kusikiliza. Pikipiki nyingi za kazi hazina mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini, hivyo sikio ndilo chombo cha kupimia. Klachi ikiwa nzima, sauti na mwendo hupanda pamoja, pengine kwa uvivu, kwa kuwa injini ndogo iliyobeba watu wawili haina haraka, lakini havitengani. Klachi ikiwa inateleza, sauti huruka ghafla kama vile mtu ameigusa hendeli, mshale wa mwendo ukabaki palepale au ukasogea kwa kuchelewa, na dereva akipunguza mafuta kidogo, sauti hushuka na pleti hushikana tena kwa mshtuko mdogo unaosikika kwenye kiti. Kipimo hurudiwa mara mbili au tatu, si zaidi, kwa sababu kila kurudia huiunguza klachi ya mtu ambaye bado hajalipwa. Harufu kali ya kuungua inayotoka upande wa kava baada ya mwinuko huo ni ushahidi wa ziada.

Mnunuzi anapaswa kutenganisha kuteleza na magonjwa mengine yanayofanana nako, maana makosa hapa huwa ghali kwa pande zote. Injini iliyochoka, ambayo ringi zake zimelika au valvu zake hazifungi sawasawa, nayo hushindwa kupanda mlima, lakini sauti yake haipandi. Hudidimia pamoja na mwendo, na mara nyingi moshi huifuatia. Tofauti hii moja, ya sauti inayopanda na sauti inayodidimia, ndiyo yenye thamani kuliko nyingine zote katika sura hii, kwa kuwa gharama ya kutengeneza injini ni kubwa mno ikilinganishwa na seti ya pleti. Cheni iliyolegea juu ya sproketi zenye meno yaliyochongoka huruka, na mruko wake hufuatana na mlio wa kugonga kwa vipindi, si kupanda kwa sauti mfululizo. Gia inayojitoa yenyewe huirusha sauti juu ghafla kama klachi inavyofanya, lakini hapo nguvu hupotea yote kwa mara moja, na hairudi mpaka gia iingizwe upya.

Oili inastahili kuangaliwa peke yake, kwa sababu katika pikipiki za aina hii oili ya injini ndiyo hiyohiyo inayozilowesha pleti. Oili za magari ya kisasa huwekewa dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, na dawa hizo, ambazo ni baraka kwa injini ya gari lenye klachi kavu, huzifanya pleti za pikipiki zishindwe kushikana. Ndiyo sababu Wajapani waliweka mwaka 1998 kipimo cha JASO kwa oili za pikipiki: alama MA au MA2 kwenye kopo huonyesha oili inayofaa klachi ya majimaji, na MB huonyesha oili yenye msuguano mdogo, inayofaa skuta zisizo na pleti ndani ya oili ya injini. Oili ya kupimwa kwenye chupa, isiyo na jina wala alama, haitoi hakikisho lolote. Pikipiki inayoteleza kwa kosa la oili peke yake, ikiwahiwa, inaweza kupona kwa kumwagwa oili hiyo na kuwekwa inayostahili, na pengine kurudia kumwaga mara ya pili. Ikicheleweshwa, joto huwa limeshafanya kazi yake. Oili inayotoka nyeusi tii, yenye harufu ya kuungua na chembechembe laini zinazobaki kati ya vidole viwili vinaposuguliwa, inasimulia pleti zinazosagika.

Yapo matengenezo ya muda ambayo hufanywa kabla ya mauzo, mengine kwa nia njema na mengine kwa nia ya kumpumbaza mnunuzi. Fundi anaweza kuzitoa pleti, kuzipiga msasa ili kuuondoa mng’ao wa kuungua, kuziosha kwa petroli na kuzirudisha, nazo zitashika vizuri kwa siku chache tu. Wengine huweka washa chini ya springi ili kuziongezea nguvu ya kubana, na hendeli huwa ngumu isivyo kawaida, hali inayoonekana kwa urahisi ikilinganishwa na hendeli ya pikipiki nyingine ya aina ileile kijiweni hapo. Kava la klachi lenyewe, ambalo kwa kawaida huwa upande wa kulia, hutoa habari likitazamwa kwa karibu: vichwa vya skrubu vyenye mikwaruzo mipya inayong’aa, silikoni mbichi iliyojitokeza kwenye mwungano, na eneo safi lililozungukwa na vumbi la zamani, vyote huonyesha kwamba kava limefunguliwa siku za karibuni. Hilo si kosa. Muuzaji aliyebadilisha pleti kwa uaminifu huwa na jibu jepesi na mara nyingi bado anayo risiti ya duka la spea au zile pleti kuukuu. Asiye na jibu anastahili kuulizwa mara ya pili.

Pale ambapo shaka inabaki na bei ni kubwa, njia ya uhakika ni kufungua. Kazi yenyewe haizidi asubuhi moja kwa fundi mzoefu: oili humwagwa, mguu wa kiki hutolewa, kava hufunguliwa, springi hulegezwa kwa kupokezana ili zisipinde, na pleti hutolewa moja baada ya nyingine na kupangwa kwa mfuatano wake juu ya gazeti. Pleti mpya ya msuguano katika pikipiki nyingi za ukubwa huu ina unene wa karibu milimita 3, na ikishuka hadi milimita 2.6 au chini yake imekwisha hata kama inaonekana nzuri kwa macho. Kalipa ya fundi, yaani kipimo cha unene chenye taya mbili, hutoa jibu lisilo na ubishi. Pleti za chuma zilizogeuka rangi ya bluu zimepata joto la kupindukia, na zikilazwa juu ya kipande cha kioo huonyesha kama zimepinda, kwa sababu mwanga hupita chini ya zile zisizo sawa. Mwisho hutazamwa nyumba ya klachi: masikio ya pleti, yakigonga mifereji kwa miaka, huichimba mashimo madogo ambayo pleti mpya nazo zitakwama ndani yake, na nyumba iliyochimbika hivyo hupandisha gharama mara kadhaa kuliko seti ya pleti. Wauzaji wengi hukataa kufunguliwa chombo chao, nao wana haki. Makubaliano yanayokubalika mara nyingi ni mnunuzi kulipia gasketi mpya, oili na ujira wa fundi, hata kama biashara itavunjika.

Si kila chombo kina hendeli ya kupimia. Pikipiki za mtindo ulioanzishwa na Honda Super Cub mwaka 1958, ambazo hubadilishwa gia bila hendeli ya klachi, hutumia klachi inayojishika yenyewe kwa kani ya mzunguko, na vivyo hivyo pikipiki nyingi ndogo za magurudumu manne ambazo huonekana zaidi katika maeneo ya utalii kuliko katika mashamba ya Tanga. Dalili huko ni injini kulia kwa muda mrefu kabla chombo hakijasogea, na kanuni ya mzigo, joto na mwinuko haibadiliki. Baadhi ya vyombo vya magurudumu manne, hata hivyo, hutumia mkanda badala ya pleti, na mkanda uliolika hutoa dalili hizohizo, hivyo mnunuzi hana budi kujua kwanza ndani mna nini. Bajaji na maguta ya injini, kwa upande wao, yana klachi za pleti kama za pikipiki, na kwa mizigo yanayobeba, yanahitaji kupimwa kwa ukali zaidi.

Klachi inayoteleza haiitii pikipiki doa la kudumu, na mnunuzi anayekimbia kila chombo chenye kasoro hiyo anaweza kuacha injini nzuri kwa ajili ya vipande vinavyouzwa katika duka lolote la spea mjini Korogwe au Handeni. Jambo la busara ni kuuliza bei ya seti ya pleti, springi, gasketi, oili na ujira kabla ya kukaa kwenye meza ya makubaliano, kuijumlisha, na kuiondoa katika bei inayotajwa. Na kama kava halijafunguliwa, kuhesabu pia uwezekano wa nyumba ya klachi kuwa imechimbika. Kasoro iliyokubaliwa iandikwe katika mkataba wa mauziano, pamoja na namba ya injini na ya chesisi zilizolinganishwa na kadi ya pikipiki, kwa kuwa mkataba huohuo ndio utakaopelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) wakati wa kuhamisha umiliki, na pikipiki yenye klachi mpya lakini kadi ya jina la mtu asiyejulikana ni hasara kubwa kuliko ile ya pleti.

Pleti mpya zinaponunuliwa, hulowekwa katika oili safi ya kipimo kinachofaa kwa saa kadhaa, na ikiwezekana usiku kucha, kabla ya kufungwa, kwa sababu pleti kavu huungua katika dakika za mwanzo za safari ya kwanza. Springi hubadilishwa pamoja nazo. Kuziacha za zamani ili kuokoa fedha kidogo ni kuzipa pleti mpya ugonjwa uleule wa zile zilizotolewa. Katika kilomita za mwanzo vipande vya msuguano hukaa sawa na nafasi ya hendeli hubadilika, hivyo kebo hupimwa tena baada ya siku chache za kazi, injini ikiwa baridi, kabla mzigo wa kwanza mzito haujapandishwa mlimani.